Kuhifadhi, Kufungua na Kusimamia Mafaili ya Majaribio ya Majengo: Istilahi, Ngeli na Usalama wa Ushahidi

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza istilahi za Kiswahili zinazohusu kazi tatu za kila siku katika matumizi ya kompyuta, yaani kuhifadhi, kufungua na kusimamia mafaili. Kazi hizo zinaangaliwa katika uwanja mmoja mahsusi: programu za kupima uvujaji wa hewa majengoni. Uwanja huo umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, faili la jaribio la jengo si barua ambayo ikipotea itaandikwa upya. Ni ushahidi wa hali iliyokuwapo siku moja na ambayo aghalabu hairudi. Pili, programu zenyewe zimeundwa na hutumika zaidi Amerika Kaskazini na Ulaya. Mtu anayetaka kuzifundisha au kuzitafsiri kwa Kiswahili hulazimika kuchagua maneno, na uchaguzi wake huweza kulinda ushahidi huo au kuupoteza.

Maneno ya msingi yapo tayari. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Muda mfupi baadaye kampuni ya Microsoft nayo ilitoa menyu za Kiswahili kwa baadhi ya programu zake. Tangu hapo maneno kama faili, fungua, funga, futa na hifadhi yamezoeleka kwenye skrini. Suala linalobaki si kukosekana kwa maneno, bali ni kama maneno hayo yanamweleza mtumiaji kile ambacho mashine inafanya kweli.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba, tafsiri ya neno kwa neno ya menyu za Kiingereza humwacha mtumiaji wa Kiswahili na picha iliyopinduka: kitendo cha hatari huonekana salama, na kilicho salama huonekana cha hatari. Hata hivyo Kiswahili kina nyenzo zake, hususan ngeli na mnyambuliko wa vitenzi, zinazoweza kuirekebisha picha hiyo kwa usahihi ambao menyu ya Kiingereza haina.

2.0 Jaribio na faili lake

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza kueleza kilichomo ndani ya faili linalozungumziwa. Katika jaribio la uvujaji wa hewa, feni maalumu hufungwa kwenye fremu ya mlango wa nje, na sehemu iliyobaki ya mlango huzibwa kwa turubai. Feni huvuta hewa kutoka ndani au huisukuma ndani hadi kuwe na tofauti ya kanieneo kati ya ndani na nje. Chombo cha kupimia husoma tofauti hiyo pamoja na kiasi cha hewa kinachopita kwenye feni. Kwa kuwa hewa inayopita kwenye feni lazima iwe sawa na ile inayopita kwenye nyufa za jengo, mpimaji hupata kujua jengo linavuja kiasi gani. Tofauti ya kanieneo inayotumika kulinganishia majengo ni paskali 50.

Kiwango cha kimataifa ISO 9972 cha mwaka 2015 kinadai zaidi ya usomaji mmoja. Kabla na baada ya kuendesha feni, tofauti ya kanieneo iliyopo kiasili hupimwa feni ikiwa imefunikwa, kwa sababu upepo na joto navyo husukuma hewa. Kisha vipimo huchukuliwa katika ngazi zisizopungua tano za kanieneo. Kutokana na vipimo hivyo programu hukokotoa uhusiano Q = CΔPⁿ, ambapo Q ni mtiririko wa hewa, ΔP ni tofauti ya kanieneo, na C na n ni namba zinazolieleza jengo hilo. Kipeo n hutakiwa kuwa kati ya 0.5 na 1. Kikitoka nje ya mipaka hiyo, jaribio lina kasoro.

Kwa hiyo faili kamili la jaribio lina tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni vipimo ghafi, yaani kila kanieneo na kila mtiririko uliosomwa. La pili ni maelezo yaliyoingizwa na mtu: ujazo wa jengo, halijoto ya ndani na ya nje, aina ya feni, na hali ya madirisha na matundu. La tatu ni matokeo yaliyokokotolewa kutoka katika tabaka mbili za mwanzo.

Umuhimu wa kutenganisha tabaka hizi unaonekana kwa mfano wa kubuni. Kiwango cha Passivhaus, kilichoanzia Ujerumani, hakiruhusu zaidi ya mabadiliko 0.6 ya hewa kwa saa katika paskali 50. Chukua nyumba inayovuja mita za ujazo 250 kwa saa. Ikiwa ujazo wake umeandikwa kuwa mita za ujazo 400, matokeo ni 0.625 na nyumba imeshindwa. Ikiwa umeandikwa 420, matokeo ni 0.595 na nyumba imefaulu. Feni haikubadilika, wala nyufa. Kilichobadilika ni tarakimu iliyoingizwa kwa mkono. Mtu aliyebaki na matokeo peke yake hawezi kuamua ni nani mwenye haki. Mwenye faili lenye tabaka zote tatu anaweza kukokotoa upya bila kurudi kwenye jengo, ambalo huenda limekwisha pakwa rangi, limehamiwa, na utepe uliozibia matundu umebanduliwa.

3.0 Kuhifadhi

3.1 Ahadi iliyomo katika neno

Kitenzi hifadhi kina asili ya Kiarabu na kimebeba maana nzito. Mtu huhifadhi Kurani moyoni, taifa hutenga hifadhi za wanyama, na maiti huhifadhiwa ili isiharibike. Katika matumizi yote hayo, kitu kinachohifadhiwa ndicho kinachokingwa na mabadiliko. Msikilizaji wa Kiswahili akiambiwa kwamba kitu kimehifadhiwa, huelewa kwamba kilichokuwapo kingalipo.

Amri ya kompyuta iliyopewa jina hilo haifanyi hivyo. Inachukua hali iliyopo wakati huo katika kumbukumbu ya mashine na kuiandika juu ya ile iliyokuwapo katika diski. Ikiwa mpimaji amefungua jaribio la juzi na kubadili ujazo wa jengo kwa majaribio tu, kisha akabofya Hifadhi, ujazo wa juzi umetoweka. Kwa maneno mengine, kuhifadhi ndiko kulikoharibu. Mkinzano huu hauna budi kuelezwa wazi katika somo lolote linalotolewa kwa Kiswahili, kwa kuwa neno lenyewe halimpi mwanafunzi onyo.

Haipendekezwi kwamba hifadhi iachwe. Neno limekwisha kukubalika, na istilahi iliyokubalika ni mali isiyotupwa ovyo. Kinachopendekezwa ni kwamba pale ambapo faili la zamani litafutwa na lile jipya, ujumbe utamke hivyo: Jaribio la zamani litafutwa. Andika juu yake? Kitenzi andika juu ya hakina heshima ya hifadhi, na kwa sababu hiyo kinafaa.

3.2 Hifadhi kama

Amri ya pili katika menyu huwa ni Hifadhi kama. Muundo huu umefuata Kiingereza kiungo kwa kiungo. Katika Kiswahili kama hulinganisha, au huanzisha sharti: anakimbia kama swala, kama atakuja, tutaondoka. Hifadhi kama haielezi kwamba kutakuwa na mafaili mawili, wala haielezi ni lipi kati ya mawili hayo litabaki wazi mbele ya mtumiaji.

Habari hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Kwa kawaida, baada ya amri hii faili jipya ndilo linalobaki wazi. La kwanza hubaki katika diski kama lilivyoachwa mara ya mwisho. Mpimaji aliyepima nyumba kabla ya kuziba nyufa, na anayetaka kupima tena baada ya kuziba bila kuingiza upya ujazo na anwani, huitumia amri hii kwa manufaa. Lakini mpangilio wa vitendo ni lazima uwe huu: kwanza jina jipya, halafu vipimo vipya. Akivigeuza, na katikati akabofya Hifadhi, vipimo vya kabla vimekwenda. Kauli Hifadhi kwa jina jingine ni ndefu zaidi ya Hifadhi kama, lakini inasema jambo lenyewe: jina ni jingine, kwa hiyo la kwanza lipo.

3.3 Nini kimehifadhiwa? Nafasi ya upatanisho

Programu za aina hii huweza kutoa vitu viwili tofauti: faili la jaribio lenye tabaka zote tatu, na ripoti ya kuchapwa yenye matokeo na baadhi ya maelezo. Ripoti hupendeza macho na ndiyo anayopelekewa mwenye nyumba. Kosa linalojitokeza kwa urahisi ni kuhifadhi ripoti, kufunga programu, na kuamini kwamba jaribio nalo limo. Ripoti haiwezi kurudishwa katika programu ikakokotolewa upya.

Kiingereza kwa neno lake moja la taarifa hakitofautishi vitu hivi. Kiswahili hakina budi kuvitofautisha, kwa kuwa kitenzi hupatana na nomino:

(1) a. Limehifadhiwa. (jaribio, faili)
    b. Imehifadhiwa. (ripoti, picha)
    c. Kimehifadhiwa. (kipimo kimoja)
    d. Vimehifadhiwa. (vipimo)

Mtumiaji anayesoma (1b) pale alipotarajia (1a) ameonywa na kiambishi kimoja. Onyo hilo hupotea pale ambapo mtunzi wa programu ametunga sentensi moja yenye pengo, akalijaza pengo kwa nomino yoyote, na kukiacha kitenzi bila kubadilika. Hapo huzaliwa sentensi kama *Jaribio imehifadhiwa na *Vipimo imehifadhiwa. Tatizo la sentensi hizi si la kuchukiza masikio tu. Mtumiaji akizoea imehifadhiwa kwa kila kitu, kiambishi kinakufa, naye hupoteza habari ambayo lugha yake ingempa bure. Suluhisho ni kutunga ujumbe mzima kwa kila aina ya kitu, nomino na kitenzi chake pamoja, bila kuacha pengo.

Ngeli ya neno faili lenyewe inahitaji uamuzi. Wasemaji wengine husema faili hii, faili hizi. Wengine faili hili, mafaili haya. Katika uwanja huu ngeli ya LI-YA ina faida ya kiutendaji, kwani hulitenga faili na ripoti, ambayo ni ya I-ZI. Swali Unataka kuyafuta? humwambia mtumiaji kwamba mafaili ni zaidi ya moja, ilhali Unataka kulifuta? huhusu moja tu. Ikichaguliwa I-ZI, Futa zote huweza kuwa na maana ya ripoti au ya mafaili, na kati ya maana hizo mbili tofauti ni kubwa: ripoti hutengenezwa tena kutoka katika faili, lakini faili halitengenezwi kutoka katika ripoti. Ni kweli kwamba jaribio na faili bado hushiriki kiambishi kimoja. Hilo halina madhara, maana kuhifadhi faili ndiko kuhifadhi jaribio.

4.0 Kufungua na kufunga

Kitenzi fungua ni kauli ya kutendua ya funga, kama zibua kwa ziba na kunjua kwa kunja. Kauli hii huashiria kwamba hali iliyokuwapo imeondolewa: kilichofunguliwa hakikai tena kama kilivyokuwa. Ndiyo maana baadhi ya watumiaji huogopa kufungua jaribio la zamani wakidhani kwamba wanaligusa.

Ukweli ni kinyume. Mashine husoma kilichomo katika diski na kuweka nakala yake katika kumbukumbu. Faili la diski halijaguswa, na halitaguswa mpaka amri ya kuhifadhi itolewe. Hapa ndipo picha iliyopinduka inapokamilika: kufungua, ambako sarufi inakutaja kuwa kutendua, hakutendui chochote, kuhifadhi, ambako maana yake ni kukinga, ndiko kunakobadili. Mwalimu anayeianza mada kwa sentensi hiyo moja atakuwa amewaepusha wanafunzi wake na hasara nyingi.

Hatari hujitokeza wakati wa kufunga. Mtumiaji amefungua jaribio la mwaka jana ili asome tu, kidole kikateleza kikabadili tarakimu, naye anapofunga huulizwa kama anataka kuhifadhi mabadiliko. Namna ya kuuliza ina uzito. Katika Kiswahili jibu la ndiyo hukubaliana na kauli ya muulizaji, hata kauli hiyo ikiwa kanushi. Aliyeulizwa Hutaki kuhifadhi? akajibu Ndiyo, amesema kwamba hataki. Kwa msemaji wa Kiingereza jibu la namna hiyo lina utata. Tafsiri ya swali kanushi yenye vitufe vya Ndiyo na Hapana inaweza basi kuzaa matokeo yaliyo kinyume cha nia ya mtumiaji. Njia salama ni vitufe vyenye vitenzi kamili: Hifadhi, Usihifadhi, Rudi. Kiswahili hukanusha amri kwa neno moja fupi, na kitufe cha Usihifadhi hakina njia mbili za kusomeka.

Jambo jingine linahusu matoleo. Faili la jaribio huwa katika muundo unaosomwa na programu iliyolitunga. Toleo jipya mara nyingi hufungua mafaili ya toleo la zamani, lakini kinyume chake hakina uhakika. Kwa sababu hiyo inafaa vipimo ghafi vitolewe pia katika maandishi ya kawaida, ambayo yatasomeka hata programu yenyewe itakapokuwa haipo.

5.0 Kusimamia: jina la faili kama sentensi fupi

Jina la faili ni sentensi iliyobanwa. Msomaji wake huenda akawa mtu mwingine, miaka kadhaa baadaye. Majina matatu yanayopendwa yana kasoro za kiisimu.

La kwanza ni kabla na baada. Maneno haya hudai kijalizo: kabla ya nini? Nyumba hupimwa baada ya kuezekwa, baada ya kuziba nyufa, na baada ya kukamilika. Baada bila kijalizo ni neno lililokatwa mkia. La pili ni mwisho, ambalo punde huzaa mwisho2 na mwisho kabisa. Namba ya mfuatano hueleza hali hiyo vizuri zaidi.

La tatu ni tarehe na saa. Tarehe 03-04 ni Aprili 3 kwa Mtanzania au Mwingereza, na ni Machi 4 kwa Mmarekani. Mpangilio wa mwaka, mwezi na siku huondoa utata huo, na pia huyapanga mafaili kwa mfuatano wa wakati. Kuhusu saa, Kiswahili kina ugumu wake wa pekee. Saa 3 ya Waswahili ni saa tatu tangu kupambazuka au tangu kuchwa, yaani 09:00 au 21:00 katika mashine. Lakini aliyezoea saa ya Kizungu anaweza kuisoma 03:00 au 15:00. Katika jaribio ambalo upepo na halijoto ni sehemu ya hesabu, tofauti ya saa sita si ndogo. Jina la faili linafaa kufuata tarakimu nne za mashine, na saa ya Kiswahili ibaki katika maelezo, ikiambatana na asubuhi, mchana au usiku.

Jina linalofaa litakuwa basi na mahali, tarehe, hatua ya ujenzi, mwelekeo wa hewa na namba, kwa mfano: nyumba12-2024-04-03-0900-baada-ya-kuziba-kuvuta-01. Mwelekeo usiachwe, kwa kuwa kuvuta na kusukuma huweza kutoa matokeo tofauti: kipande cha utepe kinachobanwa na hewa upande mmoja huinuliwa upande mwingine.

Maelezo yaliyomo ndani ya faili nayo yanahitaji uangalifu. ISO 9972 hutofautisha tundu lililofungwa na lililozibwa. Kufunga ni kutumia kifaa cha tundu lenyewe, kama vile dirisha au kilango chake. Kuziba ni kuongeza kitu cha nje, kama utepe au mpira uliojazwa hewa. Katika njia ya 1, inayopima jengo kama linavyotumika, matundu ya hewa ya asili hufungwa. Katika njia ya 2, inayopima ganda la jengo, huzibwa. Kiswahili kina vitenzi viwili kwa mambo hayo mawili, navyo vinatofautiana kwa namna ileile. Anayeandika madirisha na matundu yote yalifungwa kwa mazoea tu, huku matundu yalizibwa kwa utepe, amelipeleka jaribio katika njia isiyo yake, na hakuna hesabu itakayoligundua kosa hilo.

Mwisho, usimamizi hudai nakala ya akiba katika chombo kingine kilicho mahali pengine, na mafaili asilia kuwekewa ruhusa ya kusomwa tu. Hatua hiyo ya pili ndiyo inayolifanya neno hifadhi litimize ahadi yake ya asili.

6.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba matatizo ya kuhifadhi, kufungua na kusimamia mafaili ya majaribio ya majengo kwa Kiswahili hayatokani na uhaba wa istilahi. Yanatokana na kuyahamisha maneno kutoka menyu ya kigeni bila kuihamisha kazi inayofanywa na maneno hayo. Hifadhi huahidi kinga isiyotolewa, fungua hutisha pasipo sababu, na kama hulinganisha pale panapotakiwa kutenganisha. Kwa upande mwingine, upatanisho wa ngeli, viambishi vya yambwa, ukanushi wa neno moja, na jozi kama funga na ziba, vinampa mtumiaji habari ambazo menyu ya asili haina. Watunzi wa istilahi na wanafunzi wa isimu wanaohusika na tafsiri za programu wanashauriwa kuanza na swali: baada ya kitendo hiki, ni kitu gani kimebaki, na kipi kimeondoka? Ujumbe wa Kiswahili uliotungwa kulijibu swali hilo utamwezesha mpimaji kurudi kwenye ushahidi wake siku atakapoulizwa.